Mama, Katuni Zako Hatukuzipeleka Zote Kupimwa

Mama, shikamoo.

Najua hukupenda mtu azunguke, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe. Vile vitabu vyako vya katuni vipo. Havijaliwa na mchwa, havijauzwa, na havijafungiwa kwenye plastiki, isipokuwa viwili ambavyo nitakueleza habari zake. Uamuzi tumeufanya mimi na mdogo wangu Marwa, na sina wasiwasi nao. Lakini ni mali yako, na sikuona vizuri kuamua juu ya mali ya mtu bila kumwambia, hata kama mwenyewe tumeshamzika kijijini kwetu Matongo.

Nakumbuka ulivyovipata. Ulikuwa unapika kwenye kambi ya wale watu waliokuja kutoboa ardhi kutafuta dhahabu, kabla kijiji hakijajaa wageni. Yule Mzungu mwenye ndevu nyekundu, mtaalamu wa miamba, alikuwa akimaliza kula anavuta kitabu cha picha na kucheka peke yake. Kambi ilipohama aligawa vitu vyake. Mlinzi alichukua godoro, dereva akachukua viatu vya mvua. Wewe ulionyesha kidole kwenye boksi la katuni. Majirani walikushangaa.

"Umeacha masufuria ya kambi ukachukua karatasi?"

"Sufuria ninayo," uliwajibu.

Uliviweka kwenye sanduku la bati, ukatandika majani ya mwarobaini juu na chini ili wadudu wasisogee. Jumapili tukitoka kanisani, tukishakula, ulinawa mikono, ukaifuta mpaka ikakauka, ndipo ukafungua sanduku. Mimi na Marwa tulikaa mkekani, mmoja kila upande wako. Ulikuwa umesoma mpaka darasa la nne. Kiswahili ulikisoma taratibu ukifuata kwa kidole. Kiingereza hukukijua hata neno, na vile vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Hilo halikukuzuia. Ulitazama picha, ukainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani, kisha ukaanza kutusomea kwa Kikurya.

Yule mtu wa joho la njano anayekimbia juu ya mapaa ya mji, ulisema ni bwana harusi aliyekutana uso kwa uso na mama mkwe wake njiani, jambo ambalo kwetu ni mwiko. Kwa aibu akaapa hatatembea tena chini, atapita juu ya mabati mpaka afe. Na yule mwanamke wa nywele nyeupe anayepenya kuta ndiye mama mkwe mwenyewe. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka tu kumrudishia fimbo yake aliyoisahau siku ya posa. Kila akikaribia, mkwe anaruka paa jingine. Tulicheka mpaka tukalala chali. Tuliamini kila neno, kwa sababu lilikuwa limeandikwa, nawe ulikuwa unalisoma.

Kitabu hicho ndicho tulichokigombania mimi na Marwa kikachanika katikati. Hukutuchapa. Ulileta sindano ya kushonea magunia na uzi wake mweusi, ukatuambia tukishike, mimi upande huu na yeye upande ule, tusitikisike mpaka umalize. Ulishona polepole sana. Nafikiri ulifanya makusudi.

Baadaye dhahabu ilichachamaa, watu wakaja kutoka kila mahali, nawe ukafungua mgahawa kwenye njia ya kwenda maduarani, kule kwenye mashimo. Wachimbaji waliingia nguo zimeganda tope, wakakaa kwenye benchi kusubiri ugali. Ili wasigombane na njaa, ulitoa kitabu kimoja ukawasomea, sasa kwa Kiswahili. Alikuwepo Masanja, yule Msukuma mrefu kutoka Shinyanga, ambaye kabla ya kushuka shimoni ilikuwa lazima asikie mama mkwe amefika wapi. Siku moja alikuuliza, "Lakini mama, ndivyo ilivyoandikwa kweli?"

"Wewe unajua Kiingereza?"

"Sijui."

"Basi kula, kinapoa."

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipaepuka. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kutoka Tarime mjini, nimejaa Kiingereza mpaka puani. Nilikukuta unawasomea. Nilikichukua kitabu mkononi mwako, mbele yao wote, nikasema, "Mama, haijaandikwa hivyo."

"Imeandikwaje?"

Nikasoma, nikatafsiri. Mtu wa joho la njano alikuwa mwizi wa benki aliyetubu. Yule mwanamke alikuwa askari wa siri aliyetumwa kumkamata. Masanja alisikiliza tonge likiwa mkononi.

"Kwa hiyo hakuna mama mkwe?"

"Hakuna," nilimjibu. "Hajawahi kuwepo."

Alitikisa kichwa akaendelea kula. Wewe ulisema, "Kumbe. Asante, mwanangu," ukaenda kuangalia maharage. Tangu siku ile sikukusikia tena ukisoma. Nilidhani umechoka, au sisi tumekua. Nakwambia ukweli, nilijisikia vizuri kwamba sasa unajua hadithi ya kweli. Ualimu ulikuwa umeshanianza.

Miaka imepita. Mimi nafundisha hapa Turwa, Tarime mjini, na sanduku lako lipo chumbani kwangu. Marwa anaishi Morotonga, kule Mugumu, anaendesha gari la wageni wanaokwenda kuangalia wanyama mbugani, gari la tajiri mmoja wa huko. Mwaka huu alimbeba mzee mmoja mgeni ambaye amekusanya katuni tangu utoto wake. Marwa akamwonyesha kwenye simu picha za vitabu vyako alizopiga siku tulipogawana vyombo vyako. Anasema yule mzee aliacha kabisa kutafuta simba. Alikiangalia kile kitabu ulichokishona, akasema ni toleo la kwanza kabisa ambamo yule mtu wa joho alitokea, na kwamba nakala zake zilizobaki duniani ni chache sana.

Ndipo mzee akamweleza habari za wapimaji. Huko kwao, Mama, kuna watu ambao kazi yao ni kupima katuni. Wanahesabu kurasa, wanaangalia pembe, mgongo, madoa na mikunjo, kisha wanatoa alama, ya juu ikiwa kumi. Wakishatoa wanakifungia kitabu kwenye kasha gumu la plastiki, na alama yake imeandikwa juu. Hakifunguliwi tena. Ukikifungua, alama imekufa. Lakini kikiwa ndani, mtu wa mbali anaweza kukinunua bila kukishika, kwa sababu anaamini kile kipimo.

Marwa alikuja Turwa Jumamosi iliyofuata. Hakukaa hata vizuri.

"Dada, vyote tuvipeleke. Mzee amesema atavibeba mwenyewe."

"Vikafungiwe?"

"Vikapimwe. Wewe umekulia Matongo. Ukiwa na dhahabu mfukoni haijapimwa, kila mnunuzi anakwambia anachotaka yeye. Ikishapimwa, unaongea wewe."

Maneno yake yalikuwa na akili, na mimi nilibaki na ubishi tu. Tena nilijua anachokitaka. Amechoka kuendesha gari la mtu, anataka la kwake, na mke wake amemvumilia muda mrefu. Nikamwambia, "Sawa, tuanze na hicho cha kwanza."

Yule mzee alikuwa ametuma maswali kwenye simu. Kurasa ni ngapi, ipo iliyopungua, kuna mahali pamerekebishwa? Kuhusu uzi alisema wapimaji wataupunguzia kitabu alama nyingi, ila kuna mafundi wanaoweza kuutoa, wakaosha karatasi na kuinyoosha, na alama ikapanda. Tukakaa mezani. Marwa alifunua ukurasa mmoja mmoja, mimi nikaandika: doa la mchuzi, pembe imekunjika, masizi. Alipofika pale mtu wa joho anaponing'inia kwenye saa kubwa ya mnara, alianza kucheka.

"Hapa ndipo anapombembeleza yule mjukuu."

"Mjukuu gani?"

"Mama mkwe alipoona hamfikii, alimtuma mjukuu na ile fimbo. Bwana harusi akafurahi, akajua mtoto hana miiko. Kumbe mtoto naye anataka apewe kwanza kile kishale cha saa."

"Hiyo sijawahi kuisikia."

"Utaisikia wapi? Ulikuwa shule."

Nilimwambia kwamba wewe uliacha kusoma tangu ile siku ya mgahawani. Marwa alinitazama kama anayetafuta namna ya kutoniumiza, akakosa.

"Hakuacha, Dada. Kila Jumapili alisoma. Likizo zako zikikaribia ndiyo analisukuma sanduku uvunguni. Alituambia, Bhoke amesoma Kiingereza chenyewe, tusimchanganye."

Mama, nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka. Nilisimama nazo mikononi pale uani, nikihesabu likizo. Miaka yote ile nilikuja nyumbani, nikala, nikalala kwenye kitanda ambacho chini yake umeficha sanduku ili usiniudhi mimi, mtoto wako, na elimu yangu ya kidato cha pili. Na wewe ndiye uliyeuza ugali ili niipate.

Niliporudi ndani nilimuuliza Marwa, "Hadithi nyingine unazikumbuka?"

"Nikiona picha, nakumbuka mpaka sauti yake. Bila picha sina kitu."

Alipapasa ule uzi mweusi kwa kidole. Kisha akauliza, zaidi akijiuliza mwenyewe, "Na kasha likishafungwa, kurasa hazifunuliwi?"

"Hazifunuliwi."

"Na uzi wanautoa."

"Ndivyo mzee alivyosema."

Alikifunga kitabu kwa viganja viwili. "Basi hapana. Gari la watu nimeliendesha muda wote huu, naweza kuliendesha tena kidogo."

Sikumsukuma. Nataka ujue hilo, maana ungeniuliza. Alisema mwenyewe, na tangu siku hiyo sijamsikia akijuta.

Tuliandika kwa mzee kumshukuru. Lakini Marwa hakosi hesabu. Aliinama sandukuni akatoa vile viwili vya vita, vya wanajeshi kwenye mahandaki. Unavikumbuka? Uliviangalia mara moja tu, ukasema, "Hawa wanapigana tu, hawana ndugu," ukavirudisha chini kabisa. Havikuwahi kusomwa tena. Havina mchuzi wala masizi, pembe zao zinaweza kukukata. Hivyo viwili tukampa mzee, akaenda navyo kwao.

Vilirudi baada ya miezi kadhaa, ndani ya makasha yao. Mama, vimefaulu kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Kimoja kimepata tisa na kitu, kingine kinakifuata nyuma yake. Marwa alivigeuza geuza akasema, "Vimepata alama za juu kwa sababu Mama hakuvipenda." Kimoja amekiuza kwa msaada wa yule mzee, na safari ya kupata gari lake imeanza, ingawa haijafika. Kingine kipo kabatini kwake. Watoto wake hukigonga kwa kidole, hukiangalia kidogo, halafu huenda kucheza.

Siwalaumu wapimaji. Wanapima karatasi, na wanaipima kwa haki. Mtu mwenye katuni ambayo ni karatasi tu namshauri aipeleke bila kusita. Zako zina kazi nyingine, na kwa kazi hiyo zinatakiwa kufunuka.

Kazi yenyewe ni hii. Marwa akipata siku ya mapumziko anapanda gari kutoka Mugumu anakuja kwangu. Tunatandika mkeka, tunanawa mikono. Yeye anafunua na kusimulia, mimi naandika kwenye kaunta buku. Naandika kwa Kiswahili, na mahali ambapo Kiswahili kinagoma naandika Kikurya chako kilivyo. Mara nyingine ananiambia, "Hapo sivyo alivyosema," na mimi, mwalimu mzima, nafuta naandika upya. Tumemaliza vitabu vinne. Nasikia kwa mara ya kwanza mambo uliyoyasema nyumbani mimi nikiwa shuleni na miaka yangu kumi na sita.

Sikukusahihisha siku ile, Mama. Nilikuaibisha mbele ya watu waliokuwa wanakusikiliza kwa heshima, na wewe ukaniitikia kwa asante. Samahani imechelewa, lakini naitoa bila kuipunguza.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye kile cha jitu la udongo. Marwa alisimulia vizuri mpaka ukurasa wa mwisho, pale jitu linapoinama mtoni na kuongea na samaki. Akakwama. Alikumbuka kwamba ulisema jambo, na kwamba watu wote mgahawani walinyamaza, hata Masanja. Jambo lenyewe limemtoka. Maneno ya Kiingereza yapo pale juu ya kichwa cha jitu, na ningeweza kuyasoma. Sikuyasoma. Nilichukua kalamu nikaandika, "Hapa Mama alisema jambo," nikaacha mistari mitano mitupu, nikafungua ukurasa mpya.

Pumzika, Mama. Sanduku ninalo mimi, na nimebadilisha mwarobaini.

Mwanao mkubwa,
Bhoke