Si Ndege, Mama, Ni Dunia

Mjukuu wangu Mghoi,

Poleni na joto la Nairobi. Huku Werugha ni ukungu tu. Nyanya anakohoa ila anakula, na mimi shule imenichosha. Usicheke nikikuita mjukuu. Kwa ukoo mimi ni babu yako, hata kama nimekupita miaka mitatu tu.

Unauliza uingie mashindano ya sayansi au uache, kwa vile unaogopa watu. Mimi pia naogopa. Mwaka jana kwenye mashindano hayo huko Voi nilieleza mawimbi ya redio ambayo dunia hutoa kule karibu na ncha, ambako anga hung'aa rangi usiku. Setilaiti huyarekodi. Nilikuwa nimeyachambua na kuyageuza sauti mpaka macho yakauma.

Jaji akauliza, "Mbona sisi hatuyasikii?"

Jibu nilikuwa nalo, mdomo ukakataa. Nikabonyeza tu kompyuta, ikalia fiii, fiii. Mama aliyeleta chai akacheka. "Wee kijana, huyo ni ndege gani?"

"Si ndege, mama, ni dunia. Tabaka la hewa huko juu huyazuia mawimbi yake yasitufikie, yanapotelea angani."

Jaji akaandika. Sikushinda, na nikikumbuka ule ukumbi bado nachoka. Lakini ingia. Mtafute anayetaka kujua, umwambie yeye.

Babu yako,
Mwadime