Kumpeleka Masanja Nakonde

Jumatatu, 6 Januari
Uji. Dawa ya goti. Simu. Ofisi yangu ya uwakala ni hii, kiti kimoja barazani. Zamani nilivaa namba tisa, sasa nauza miguu ya wenzangu. Na leo nimeuza! Masanja, mshambuliaji wangu kutoka Ndalambo, amekubaliwa na timu ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwenda majaribio nilimvusha mara tatu, njia ya nyuma ya maghala ya mahindi, kama mtu anayefuata sukari. Najipenda sana leo.

Jumanne, 7 Januari
Katibu wa timu, Mzambia mwenye tai fupi, kaniharibia siku. "Bashikulu," yaani babu kwa lugha yao, "pasipoti ya mchezaji iko wapi?" Nikacheka. Mke wangu anasukia nywele Nakonde. Jogoo wao ndiye anayeniamsha. Pasipoti ya nini? Akasema hii ni nchi nyingine. Usajili unafungwa tarehe 31, bila pasipoti Masanja hachezi. Na tukionekana tena njia ya maghala, mimi au yeye, mkataba unachanwa. Sikucheka tena.

Alhamisi, 9 Januari
Ndalambo. Matope mpaka magotini. Nimemfuata baba yake Masanja, kijana apate cheti cha kuzaliwa cha kuombea pasipoti. Mfugaji, ng'ombe wengi, maneno machache. "Nakonde? Mbona ng'ombe wangu wanavuka na hawaulizwi?" Nikamwambia ng'ombe hawafungi magoli. "Na huyu mwanangu sijamwona akifunga." Kanipiga bao mzee huyu. Lakini kesho anakuja kutoa maelezo.

Ijumaa, 24 Januari
Pasipoti ya Masanja imetoka. Yangu, niliyoomba pamoja naye, imekataliwa. Aibu tupu. Enzi zangu viongozi walinipunguzia umri nichezee timu ya vijana. Wakapunguza tena. Mimi nasaini tu, darasa la nne litajua nini? Afisa kapiga hesabu: kwa vyeti vyangu, binti yangu wa kwanza nilimzaa nikiwa na miaka sita. "Hongera, babu." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mpaka vyeti virekebishwe, sina pasipoti wala kibali cha kuvuka.

Ijumaa, 31 Januari
Amesajiliwa! Masanja kapita geti la mpakani, foleni saa nzima, kwenda mahali ambapo ningerusha jiwe likafika. Kagongewa muhuri, kanionyesha kwa mbali kama kombe. Mke wangu: "Wakala wa kimataifa, mbona umebaki nyumbani?" Nilinuna mpaka chakula kikaiva.

Jumapili, 2 Februari
Mechi yake ya kwanza. Mvua imekatika. Nilifika nyuma ya maghala. Hakuna askari, hakuna mtu. Hatua hamsini tu. Nikamfikiria yule wa tai fupi. Sikwenda. Nikakaa juu ya gunia, upande wetu. Saa kumi na nusu uwanja wao ukalipuka, kelele zote zikaja na upepo. Sijui nani kafunga. Nikainuka, nikapiga makofi. Mbuzi wa jirani akaniangalia, akaendelea kula.