Stata Inazunguka, Lakini Mzee Haoni Barabara

Kwako Bi Roseline,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Umoja, mimi ni mama wa watoto watatu, na nakuja kwenye safu yako ya ushauri kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulipeleka kanisani wala kwa shoga yeyote, maana linamhusu baba mkwe wangu, na kwetu Ukambani mke wa mtu hamjadili baba wa mume wake ovyo, hata kiti alichokuwa amekalia huwezi kukikalia papo hapo, lakini sasa limenifika shingoni.

Mzee Mbithi, baba yake mume wangu Kimeu, alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, na alipostaafu alikuja kukaa nasi pamoja na Pijo yake kuukuu, ambayo tangu mwaka jana ilikuwa haiwaki bila kusukumwa, ukigeuza ufunguo stata, ile mota ya kuamsha injini, inalia tik tik halafu kimya, na majirani walikuwa wameanza kujificha wakimwona anatoka na ufunguo mkononi. Fundi mmoja alimwambia stata imekwisha atafute nyingine, mzee akakataa, akasema, "Haijakwisha, imechakaa tu. Nitaifufua mimi mwenyewe."

Basi Jumamosi moja Kimeu akiwa kazini mzee aliing'oa, akaileta ndani, akatandika gunia juu ya meza yangu ya kulia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine akaniita, "Mama Ndeti, hebu njoo unishikie hii." Nikashika, huku naona haya. Akanieleza kila kitu, kwamba hizi ni brashi za makaa, zimeliwa mpaka zimebaki vipande, ndizo zinazopeleka umeme kwenye shaba ya ule mhimili wa katikati unaozunguka, na kila brashi ina springi yake ya kuisukuma ishike shaba, na kwamba bushi ya mwisho, ile pete inayoushika mhimili, imelika ndiyo maana mhimili unayumba na kusugua ukuta. Akaisugua shaba kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akaweka brashi mpya, akagonga bushi mpya ikaingia, na mikono yake, Bi Roseline, haikubabaika hata kidogo, lakini niliona kwamba anatafuta kila kitu kwa kupapasa, na springi iliyokuwa mbele ya kidole chake aliipita mara kadhaa kama haipo.

Alipomaliza kufunga akaishusha sakafuni, akaunganisha waya na betri, zikaruka cheche kidogo lakini stata haikuzunguka. "Betri imelegea," akasema, "wacha niende kwa Mbuthia hapa jirani aniazime yake." Mimi nilijua si betri, kwa sababu nilikuwa nimeona springi moja imekaa kando ya brashi badala ya juu yake, na sikuwa na mdomo wa kumwambia. Alipotoka nikafungua kifuniko cha nyuma, nikairudisha springi mahali pake kwa bisibisi, nikafunga. Aliporudi akashika stata, akapitisha kidole juu ya zile skrubu, akarudia kuzipapasa moja moja, halafu akaunganisha betri ya Mbuthia, na stata ikanguruma ikaruka sakafuni kama kuku aliyechinjwa. Mzee alicheka mpaka akatoa machozi. "Waambie wale wanaosema Mbithi amekuwa kipofu!"

Nilifurahi, sitaki kudanganya, lakini wiki iliyofuata alienda na gari Kiamaiko kununua nyama akarudi bila kioo cha pembeni, na nyuma yake akaja mwanamume mmoja wa mkokoteni, anahema, akasimama mlangoni akaniambia, "Mama, huyu mzee wenu hakuniona hapo kwenye kona. Nimepiga kelele, nimeruka mtaroni, yeye amepita tu." Nilipomweleza Kimeu alicheka, akasema, "Watu wa mikokoteni ndio hawaoni. Mtu asiyeona anaweza kufunga stata?" Na sasa wamepanga kwamba shule zikifungwa mwezi ujao mzee awapeleke watoto wote Kitui, yeye na wao peke yao, na Kimeu ana leseni lakini anasema hawezi kumnyang'anya baba yake heshima. Majirani wote wanaisifu ile stata, na mimi ndiye ninayejua ilivyofungwa. Nikisema nitakuwa nimemvua mzee nguo mbele ya mwanawe, nisiposema watoto wangu wataingia ndani ya gari lile. Nifanye nini?

Kavata, Umoja

Kavata,

Tuanze na lililo jema. Kuirudisha springi ile bila kumwita mzee aje aone kosa lake ilikuwa adabu, na hapo sina neno. Neno langu linaanzia pale mtu wa mkokoteni aliposimama mlangoni pako. Tangu siku hiyo unajua, na Kimeu ulimweleza habari ya mkokoteni tu, ile ya springi umeikalia kama kuku anavyokalia mayai. Unaniandikia mimi usiyenijua, na mumeo unalala naye chumba kimoja!

Unasema utamvua mzee nguo. Sikubali. Mtu aliyeshika lori maisha yake yote anajua skrubu alizokaza kwa mkono wake zikiguswa. Umeandika mwenyewe kwamba alizipapasa akarudia. Alichowaza sikijui, sikuwapo, lakini usimfanye mtoto. Huenda anangoja tu mtu wa kumpa njia ya kushuka kwenye kiti cha dereva bila kusukumwa.

Kwa hiyo anza na yeye. Si mchungaji, si Mbuthia. Mpe chai, kaa kwa umbali ambao desturi yenu inautaka, umwambie: "Baba, siku ile springi moja ilikuwa kando, nikairudisha vile ulivyokuwa umenifundisha. Nina wasiwasi na macho yako." Usizunguke, usilie. Halafu nyamaza umwache ajibu, hata chai ikipoa.

Jioni hiyo hiyo mwambie Kimeu, na kwake usiwe mpole. Kimeu anachanganya mambo. Stata hufungwa kwa vidole. Mtu wa mkokoteni haonekani kwa vidole. Na heshima ya baba hailipwi kwa watoto wa shule.

Mzee apelekwe kwa daktari wa macho kabla shule hazijafungwa. Mimi si daktari, ila wazee wengi wanaoanza kupapasa hukutwa na mtoto wa jicho, na ugonjwa huo mara nyingi una tiba. Mpaka daktari aseme, Kimeu ndiye aendeshe, mzee akae mbele amwelekeze. Hatakosa la kumkosoa mpaka Kitui.

Na wakikataa wote wawili? Basi siku ya safari watoto hawatoki. Chukua viatu vyao, viweke chini ya kitanda, ukae juu ya kitanda. Watakuita mkaidi. Itika.

Bi Roseline