Injini Inayochechemea

Derby, 3 Septemba 1982

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinakuruhusu kulala huko Tredegar? Sisi tunapumua. Lowri ametimiza miezi mitano, jino linamsumbua, basi nyumba nzima tunaota jino. Colin yuko zamu ya usiku kiwandani. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Kisanduku chako cha injini ya mfano kimefika, vipande vyote mia na kumi, hata vile vidogo kama chawa. Nimekuelewa. Mikono yako inatetemeka, yangu uliifundisha tangu nina miaka tisa, na unataka kuiona imekamilika, ingawa ni ya kiganjani tu, ile injini ya mvuke ya mgodini uliyoitia makaa miaka kumi na saba. Daktari amesema baada ya Krismasi utakuwa unaona mwanga tu. Nitajitahidi.

Ila nina la kukiri. Bomba la moshi nililigusa kwa pasi ya kulehemia shaba, yenye moto mkali. Nilisahau kuwa bomba ni la madini laini ya risasi. Lilinywea mbele yangu kama siagi kikaangoni. Mtoto alikuwa analia, nikageuka mara moja tu.

Mwanao,
Delyth

Tredegar, 9 Septemba

Delyth,

Bomba jingine nimeagiza, litakujia kwa posta. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ribiti, vile vichwa vya misumari kwenye matangi ya maji ya ubavuni, zihesabu kwa kidole, si kwa jicho: safu ya chini ishirini na tatu. Rangi iwe nyeusi, si kijani. Injini ya mgodini haikuwa bibi harusi.

Babako

Derby, 2 Oktoba

Baba,

Hodi! Nabisha mimi, maana barua yako iliingia ndani bila kubisha. Hata mtoto hukumwulizia. Hajambo, asante, ana meno mawili. Mimi ndiye sijiwezi. Jana nilimtilia Colin chumvi kwenye chai, akanywa yote, akasema, "Leo umeikoleza, mke wangu." Naye hana usingizi, maskini.

Matangi yamekaa. Ribiti ishirini na tatu, nimehesabu kwa kidole. Magurudumu ndiyo yamenishinda. Najua, la kushoto na la kulia lazima yapishane robo mzunguko, na kila ekseli ifanane na nyingine. Uliniimbisha hayo kabla sijajua kuzidisha. Lakini nilipanga kwa kukadiria, Lowri akiwa mapajani. Nilipoisukuma kwenye reli ikachechemea, ikakwama, ikachechemea tena.

Haiwezi kuachwa hivyo? Si itakaa kabatini tu?

Mwanao,
Delyth

Tredegar, 6 Oktoba

Delyth,

Injini haikai kabatini. Vua magurudumu yote sita. Anza upya.

Babako

Derby, 8 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimeyavua. Si kwamba naanza upya. Nimeyafunga kwenye karatasi, kila kitu nimekirudisha kisandukuni, na mezani nimeweka chupa za maziwa. Haitakuwa tayari Krismasi.

Nimelia kwanza ndipo nikaandika, kwa hiyo usidhani ni hasira. Wewe mwenyewe uliniambia kuwa mtia makaa aliyechoka akijikaza huleta ajali, na dereva mwema humwambia, "Kaa chini, bwana." Mimi sina dereva. Nimejiambia mwenyewe.

Kitanda kipo, chumba cha nyuma. Tangu Mama atutoke hujalala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Ukija, tutafanya kidogo kidogo, wewe ukisema, mimi nikishika. Usipotaka sikulazimishi, ila na wewe usinilazimishe. Nakupenda, na jibu langu ni hilo hilo.

Mwanao,
Delyth

Derby, 29 Oktoba

Baba,

U hali gani? Wiki tatu kimya. Nimempigia simu Bi Prosser, jirani yako, akanijibu, "Babako? Yupo, anafua mapazia." Mapazia! Umenuna au unaumwa? Kununa ruksa. Kuumwa, niambie.

Mwanao,
Delyth

Tredegar, 3 Novemba

Delyth mwanangu,

Hujambo? Mgongo je? Mtoto anakuacha upumzike? Niwie radhi kwa herufi hizi kubwa, nyingine sizioni.

Sikununa. Niliona aibu, na aibu haiandikiki upesi. Mapazia nimeyafua kwa sababu mama yako asingekubali nifunge nyumba ikiwa chafu.

Ile injini naijua. Nikifumba macho naiona mpaka kutu ya chini ya ngazi. Mjukuu wangu sijamwona hata siku moja. Kumbe macho haya kidogo yaliyobaki nilitaka kuyamalizia kwenye kitu nilichokwisha kukiona.

Nakuja Jumamosi, kwa treni inayofika Derby saa nane mchana. Bi Prosser atanipandisha. Colin anipokee, ngazi za stesheni siziamini tena. Sileti pasi ya kulehemia. Kisanduku kisukume chini ya kitanda.

Nikifika, niwekee kiti dirishani penye mwanga. Nipe mtoto, kisha wewe nenda ukalale.

Babako