Afande Hatembei Tumbo Wazi

Wanale, Mbale
3 Machi 2025

Mjukuu wangu Lillian,

Mulembe! Habari za huko Mafubira? Kikohozi kimekwisha? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Kila asubuhi nalitukana mpaka linyooke. Jirani yangu Ramula anaandika, mimi nasema.

Picha yako ya sinema nimeiona kwenye simu yake. Eti wewe ndiye afande wa walinzi wa malkia, na adui ni joka la kutema moto. Sasa mbona kifuani una vibati viwili kama vifuniko vya birika, na tumbo liko nje? Wanaume nyuma yako wana deraya mpaka shingoni! Joka litaanza kula wapi? Babu yako alikuwa askari wa magereza. Sikumwona hata siku moja akienda kazini kitovu kinachungulia. Mwambie aliyekuvisha kwamba yeye ni... Ramula anasema neno hilo haliandikwi.

Kukhu wako


Mafubira, Jinja
9 Machi

Kukhu, bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kikohozi kimekwisha, pole na goti. Nimecheka sana. Lakini Kukhu, ni hadithi ya kubuni. Norman, mwenye sinema, anasema katika nchi ya majoka hakuna anayeuliza mambo ya nguo. Hii ni nafasi yangu ya kwanza kubwa. Nikibisha atampa Racheal, mlinzi mwenzangu. Bati linanikata kwapani nikiinua upanga, ila nitavumilia.

Mjukuu wako


Wanale
14 Machi

Lillian,

Salamu utazipata mwisho, leo nina hasira. Uvumilie nini? Kama nchi ni ya kubuni, kwa nini hawakubuni mwanamke aliyevaa? Wameweza kubuni mjusi mwenye mabawa, shati limewashinda!

Nimekushonea kizibao cha lubugo, ile nguo ya gome la mti, tabaka juu ya tabaka, ndani pamba ya godoro langu. Ramula alikivaa nikampiga mwiko, alicheka tu. Wanzala wa lori atakuletea. Kwapani nimeacha nafasi. Pigana.

Na afya yako je? Kula.

Kukhu wako


Mafubira
20 Machi

Kukhu,

Afya nzuri, moyo mzito. Nilipovaa kizibao wenzangu walirudi nyuma. Huku kwa Wasoga lubugo ndilo la kufungia maiti! Racheal alishika kichwa: "Wewe, umejizika!" Norman amesema Jumamosi ya wiki ijayo tunapiga picha za vita, nije na bati au nisije kabisa. Nifanyeje?

Mjukuu wako


Wanale
24 Machi

Mwanangu,

Goti usiliulize. Kumbe! Sikujua. Sisi huku mlimani lubugo tulitandika kitandani, tukazalia watoto juu yake. Kosa langu. Kama unaogopa, kirudishe nishone kingine cha turubai, sitanuna. Lakini bati usivae. Ukikosa sinema, njoo nyumbani, ndizi zipo na mimi nipo.

Na kama huogopi, waambie hao: anayekwenda kusimama mbele ya joka amejifunga sanda yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hakimbii.

Kukhu wako


Mafubira
30 Machi

Kukhu,

Mulembe. Nilikwenda na lubugo, nikayasema maneno yako mbele ya watu wote. Norman akanivua uafande palepale, akampa Racheal bati. Racheal akaligeuza, akapitisha kidole ukingoni, akamrudishia. "Bwana Norman, vaa wewe." Norman akawaendea walinzi wengine wa kike; hakuna aliyelipokea. Wale vijana waliokuwa ndani ya joka walicheka mpaka mkia ukang'oka.

Norman ameondoka. Sijui kama sinema ipo tena, wala kama nafasi ni yangu. Lakini Racheal na wenzake wanataka vizibao. Waje?

Mjukuu wako


Wanale
2 Aprili

Wanangu nyote,

Hamjambo huko? Njooni, hata kama Norman harudi. Lubugo lipo, na anayeliogopa atapata turubai. Ila nikiwapima, asitokee wa kubana tumbo. Nashonea watu wanaopumua.

Kukhu wenu