Sukari Iliyomwagika Mezani

Lauvdalen ya Juu,
Norwe.
11 Novemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Halvard,

Pokea salamu tele kutoka bondeni kwetu. U hali gani huko Australia? Mgongo wako umepona, au bado unaupandisha juu ya mapaa ya watu kama kijana? Na wifi yangu Beryl, kile kikohozi kimemwacha? Huku sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Viazi vimeingia ghalani na kuni zipo za kutosha.

Ila moyo wangu si mzima, na sitakuficha. Nina hofu, Halvard. Naogopa paa la Jorunn, binti yangu, na wewe ndiye fundi pekee katika ukoo wetu ninayeweza kumuuliza.

Nilikuandikia kwamba Jorunn na mumewe Sindre wanajenga kwenye kile kiwanja juu ya kisima. Nyumba ya mbao, ya kawaida tu, isiyo na makuu. Sindre ni kijana mchapakazi, namsifu akiwepo na asipokuwepo. Lakini ni mtu wa pwani. Kwao wanaogopa mvua na upepo. Theluji ni mgeni wa siku mbili. Basi akachora paa lililolala, nyuzi ishirini na mbili tu, kama zile nyumba za kwenye magazeti.

Nilipoiona picha ile nikalikumbuka zizi la baba. Unakumbuka theluji ilivyoliangusha, ulikuwepo. Mimi mpaka leo nazisikia boriti zikilia, kisha ng'ombe. Tangu mwaka ule, mvua ikinyesha juu ya theluji mimi silali, kazi yangu kusikiliza dari. Nikamwona akilini mjukuu wangu Tiril, ambaye sasa ana miezi tisa, amelazwa chini ya mzigo kama ule.

Nikasema. Unanijua, siwezi kumeza neno. Sindre akacheka. "Mama, nyumba yenyewe ndogo. Ukiibebesha paa refu itakuwa kama mtoto kavaa kofia ya babu yake!"

"Heri kofia ya babu kuliko jeneza," nikamjibu. Jorunn akaweka kijiko chini akasema nitamuua kwa hofu zangu kabla paa halijamuua.

Kesho yake Sindre akakata maboksi, akatengeneza vinyumba viwili akaviweka mezani. Kimoja paa limelala, kingine limesimama nyuzi arobaini na tano. Jorunn akaleta bakuli la sukari akavimwagia vyote viwili. Kwenye paa lililolala sukari ikakaa, ikarundikana, mpaka boksi likabonyea katikati. Kwenye lile lililosimama ikateleza yote. Nikapiga makofi mwenyewe, mtu mzima! Kisha nikachukua kitambaa, nikafuta sukari iliyojaa mezani kukizunguka kile kinyumba, nikaenda kupika kahawa.

Kushindwa hakukumkaa vizuri Sindre, lakini akafanya kazi yake kiungwana. Alinieleza kuwa paa likisimama kilele nacho kinapanda, na nyumba pana inageuka kanisa. Kwa hiyo akaupunguza upana, kutoka mita nane hadi sita na nusu, akairefusha kidogo na kuzishusha kuta. Kweli ikapendeza, nyembamba na ndefu, mfano wa maghala ya zamani. Mlango akauweka katikati ya ukuta mrefu, madirisha mawili kushoto na mawili kulia, yakilingana vizuri. Akaezeka mabati meusi, laini, ili theluji isipate pa kushika. Nililala, Halvard. Kwa mara ya kwanza tangu masika nililala.

Kenchi za paa ziliposimama, kabla ya mabati, tulifanya karamu ya shada la matawi linalopandishwa kileleni, kama desturi. Mafundi walikuwa wamemficha mtu wa nyasi ndani ya gari, tayari kumpandisha kileleni badala ya shada, waniaibishe, kama uji wangu ungekuwa mwepesi. Niliuweka malai mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Shada likapanda, tukala, tukaimba, mkubwa wao akanibusu shavuni. Jorunn na Sindre wakahamia mwezi wa kumi.

Sasa nisikilize. Jorunn humlaza Tiril nje kila mchana, ndani ya kigari, amefungwa sufi mpaka puani, kama mama alivyotulaza sisi. Kigari hukaa kando ya mlango, ukutani kabisa, maana pale upepo haufiki.

Alhamisi iliyopita theluji ilianguka tangu alfajiri, nzito, yenye maji. Adhuhuri jua likatoka. Nilikuwa napanda kwao na mkate, na Sindre alikuwa uani anapasua kuni. Mara ikasikika sauti kama mtu anayevuta pumzi ndefu, na paa la upande wa mlango likavua theluji yake yote kwa mara moja. Haikuteleza kama sukari. Ilishuka kama ukuta. Ilipotulia, mlango haukuonekana. Kigari hakikuonekana.

Sindre alitupa shoka akachimba kwa mikono mitupu. Nikapiga magoti kando yake nikachimba. Sikusali hata neno moja, sikuwa na pumzi ya kusalia. Tukaupata mpini wa kigari, umepinda. Tukalipata blanketi. Sindre alikuwa akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Ndipo dirisha la ukuta mfupi wa mwisho wa nyumba likafunguliwa na Jorunn akachungulia, Tiril begani, makamasi yanamtiririka.

"Mnatafuta nini?" akauliza.

Alikuwa amemwacha ndani kwa sababu ya mafua. Mafua, Halvard! Nilikaa pale pale kwenye theluji nikalia mpaka mkate wote ukalowa.

Kesho yake asubuhi nikasikia msumeno wa Sindre. Alikuwa anatoboa mlango mpya kwenye ukuta mfupi wa mwisho, kule ambako paa halimwagi. Mmoja wa mafundi akamwambia, "We bwana, unaharibu sura ya nyumba!" Sindre hakugeuka hata kidogo. "Sura ya nyumba hii iko ndani," akasema, "ina meno mawili."

Kwa hiyo mlango umehama na kigari kipya kinalala upande huo. Lakini mimi sijatulia. Miezi ya theluji nzito bado haijafika. Tiril ameanza kutambaa, na mwakani atakuwa anakimbia popote apendapo. Kuna watu wanaoshauri tupigilie vyuma juu ya bati vya kuizuia theluji. Lakini kenchi zile zilipimwa kwa paa linalojimwaga. Tukiizuia juu, zitaubeba mzigo? Tukiiacha ishuke, nani atakuwa chini siku hiyo? Niandikie haraka, ndugu yangu, unieleze kwa nyuzi na kwa vipimo, na usinifariji bure. Niliyakodolea macho mapaa yale mawili kama mwewe, na sukari iliyoteleza iko mbele yangu, mezani, nikaifuta kwa kitambaa.

Nimehamia kwao mpaka masika, naandikia jikoni. Sindre amefunga kamba kando ya kuta ndefu, mtu asipite chini ya paa. Usiku na mchana, paa likivuta ile pumzi, kila mtu husimama alipo, na yeye huita majina yetu, nasi tunaitika. Tiril hajui kuitika, kwa hiyo aliyembeba humwitikia.

Nisalimie Beryl, na wanao Keith na Marit, mmoja mmoja kwa jina lake, na umsubiri kila mmoja aitike. Jorunn anakusalimu, na Sindre pia, ingawa anaona aibu kwako kwa kuwa wewe ni fundi. Mungu awalinde chini ya paa lenu, na nje yake vilevile.

Nakatiza hapa. Paa limevuta pumzi sasa hivi, na Sindre ameshaita jina langu mara mbili.

Dada yako akupendaye siku zote,
Gudny