Eti Bunduki Haishuki Bei

Jumanne, Julai 2018. Bellevue, Johannesburg.

Baridi ya leo inakata masikio. Jua lipo, lakini ni la mapambo tu. Nimerudi nyumbani na hasira ambazo hata chai ya tangawizi imeshindwa kuzishusha. Nimeona bora niandike, maana nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo kesho nitayajutia.

Nimeolewa na mwekezaji.

Mume wangu Bakari anaendesha foklifti kwenye ghala la samani. Katoka Tanga kama mimi, kakaa nchi hii miaka na miaka mpaka akapewa ukaazi wa kudumu. Pombe hanywi, sigara havuti, wanawake sijasikia. Ugonjwa wake ni mmoja tu: akisikia mtu anataja uwekezaji, masikio yanamsimama. Miaka mitano iliyopita mfanyakazi mwenzake alimweleza kwamba gari linapoteza thamani siku unayolitoa dukani, simu ndiyo usiseme, lakini bunduki ni chuma. Ukiitunza, unaiuza miaka kumi baadaye kwa bei ile ile uliyonunulia, au zaidi.

"Mama Zuhura, bunduki haishuki bei," akaja kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa siri.

Akaanza na bastola. Mwaka uliofuata akanunua bunduki ya kuwindia, ya zamani, kutoka kwa mjane wa mkulima mmoja. Leseni yake imeandikwa kabisa: kuwinda. Bakari! Mwanamume ambaye kuku wa Idi anamtafutia mtu wa kumchinja.

Sheria ya hapa inataka silaha zikae kwenye sefu iliyofungwa ukutani kwa boliti. Chumba chetu cha kulala ni kimoja, kwa hiyo sefu ikakaa pale palipokuwa na kabati langu la vitambaa, na vitambaa vikahamia chini ya kitanda. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mitano nimekuwa nikipiga magoti kutafuta kitenge cha mteja huku chuma cha Bakari kimekaa kama sultani.

Nilivumilia. Nilisema moyoni, akiba ni akiba.

Nashonea kwenye kona ya saluni ya Mama Chantal, mwanamke wa Bukavu, kule Yeoville. Cherehani yangu imebanwa katikati ya vikaushio viwili vya nywele. Mwezi uliopita kikaachwa wazi kiduka cha jirani, kidogo, lakini kina dirisha kubwa linalotazama barabara. Mama Chantal mwenyewe ndiye aliyenisukuma: "Mama Zuhura, kamata ile nafasi. Bitambaa byako biko nanuka dawa yangu ya nywele." Mwenye kiduka akanipa mpaka leo jioni nilete amana. Nilikuwa na nusu ya amana, na mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, bado naiota tu.

Nikamwambia Bakari: si ndiyo siku yenyewe hii? Tuuze.

Akasema, "Bado hazijaiva."

Hazijaiva! Kama maparachichi.

Nilimsumbua wiki mbili mpaka akakubali. Leo akaomba ruhusa kazini, akaazima na bakkie, pikapu ya ghala, tukaenda kwenye duka la silaha upande wa kaskazini. Mwenye duka ni mzee wa Kizungu mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Akaitoa ile bunduki ya kuwindia kwenye mfuko wake, akaigeuza taratibu, akapitisha kidole kwenye kitako cha mbao.

"Nani amepaka vanishi?"

Bakari akatabasamu. "Mimi mwenyewe. Naisugua kwa msasa kwanza, halafu napaka. Kila mwaka."

Yule mzee akavua miwani. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimweleza kama daktari anavyomweleza mgonjwa. Wanaonunua bunduki za kale wanataka mbao yake ya asili pamoja na mikwaruzo yake yote, na zile herufi ndogo za aliyeitengeneza. Bakari alikuwa amezisugua herufi mpaka zikafutika. Sasa imebaki bunduki kuukuu tu, na bunduki kuukuu zimejaa tele. Kila wiki watoto wa wakulima wanaleta za marehemu baba zao kwa sababu wao hawazitaki. Hata akipatikana mnunuzi, lazima naye aombe leseni yake na asubiri miezi.

"Niachie hapa," akasema. "Nikipata mtu nitakupigia. Usitegemee zaidi ya theluthi ya ulichotoa."

Nikauliza mimi, maana Bakari alikuwa anazitafuta herufi kwa kidole, "Kwani hakuna bunduki zinazopanda bei?"

"Zipo, mama. Ila wenye nazo hawaji hapa kuuza."

Tukaiacha, ikabaki bastola. Bakari akaiweka mezani pamoja na kadi ya leseni. Mzee akasoma kadi, akairudisha kwa ncha ya kidole kama kitu cha moto. Leseni ilikwisha tangu Machi. Ilitakiwa kuombwa upya siku tisini kabla ya hapo.

"Hii sina ruhusa hata kuipokea. Ipelekeni polisi leo leo."

Mtu huyu kila asubuhi ananitangazia bei ya dhahabu. Kadi iliyo kwenye pochi yake mwenyewe hajaisoma!

Ndani ya bakkie nilisema yote. Nilisema ya sefu, ya magoti yangu, ya dirisha langu linalotazama barabara. Robot, yaani taa ya barabarani, ikawaka kijani na hatukuondoka, magari ya nyuma yakatupigia honi, nami nikaendelea.

Kituoni tulipokelewa na askari mwanamke, mnene, mpole, aliyeniamkia kwa Kizulu na kunivutia kiti karibu na hita. Akaichukua bastola, akahakikisha haina risasi, akamwita Bakari chumba cha ndani kuchukuliwa alama za vidole. Bakari akaniachia bahasha yake ya makaratasi. Nilikuwa na baridi na hasira, nikaifungua.

Ndani mlikuwa na nakala ya barua aliyoiandikia polisi mwaka ule wa kwanza, alipoomba leseni ya bastola. Wanataka ueleze sababu. Nilitegemea kukuta habari za chuma kisichooza.

Aliandika kwamba wanaume watatu walimfuata kutoka stendi ya teksi, mchana kweupe. Walimwekea kisu shingoni. Walichukua simu, nauli na viatu. Mmoja wao aliposikia lafudhi yake alimwambia wanajua mke wake anashonea wapi, na siku nyingine watamngoja huyo mke. Mwisho aliandika: ninaomba kwa ajili ya mke wangu, kwa sababu anarudi nyumbani kwa miguu.

Nilisoma mara mbili. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, na kila neno nilikuwa nalisikia kwa sauti yake.

Siku ile naikumbuka. Aliingia ndani na soksi tu, akasema ameibiwa viatu msikitini, pamoja na simu aliyoificha ndani yake. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake nikawasimulia wateja wote saluni, nao wakacheka. Kila Ijumaa kwa mwaka mzima nilimwambia: mwekezaji, linda viatu.

Alitoka anajifuta wino vidoleni, akaiona barua mkononi mwangu. Akakaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi."

"Nisingeacha."

"Basi ungeogopa kila siku." Akatazama vidole vyake. "Mimi nilitaka niogope peke yangu."

Nikauliza, "Na ile ya kuwindia?"

"Ile kweli ilikuwa uwekezaji."

Wallahi nusura nimpige na bahasha.

Askari akatuita, Bakari akatia sahihi, tukapewa stakabadhi. Bastola itaharibiwa, na malipo hakuna. Tukiwa nje nikampigia mwenye kiduka, nikamwambia ukweli kwamba fedha haijatimia. Akasema pole, mama, kuna kijana wa kutengeneza simu anasubiri tangu asubuhi. Kwa hiyo dirisha limekwenda. Nitaendelea na kona yangu, na Mama Chantal ataendelea kulalamikia vitambaa.

Nimejaribu kuona huruma tu, nimeshindwa. Hasira bado ipo, imebadilika sura. Miaka mitano nimedanganywa ndani ya nyumba yangu. Tena kwa lipi? Bastola ile hajawahi kutoka nayo hata siku moja. Ilikuwa ndani ya sefu, mimi nilikuwa barabarani. Ilimlinda nani? Ilimpa Bakari usingizi, basi. Na labda hicho ndicho alichokuwa ananunua, akaona aibu kukitaja, akakiita akiba.

Na mimi pia nijiulize. Mume anawekewa kisu shingoni, anafika kwake, anaona afadhali aonekane mjinga aliyeibiwa viatu. Mke wa namna gani huyo anayemngoja mlangoni?

Hili sijalimaliza. Naliandika ili nisijifanye nimelisahau.

Naendelea usiku. Magharibi, alipomaliza kuswali, nilimwambia hivi: kama unaogopa nitembee peke yangu, dawa yake si chuma. Una miguu. Kazi yako inakwisha saa kumi. Kuanzia kesho, saa kumi na mbili jioni uwe mlangoni kwa Mama Chantal, turudi wote. Ukinitajia uwekezaji njiani, nakuacha hapo hapo.

Akasema sawa.

Akakunja mswala wake polepole, akaubana kifuani, akaniuliza, "Wewe hunaga hofu ukiwa njiani?"

Miaka yote hii, ndiyo mara ya kwanza ananiuliza.

Nikamwambia ninayo. Kila siku.